Nembo Yenye Mwanya

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Maji yamekuja saa mbili. Mkokoteni mmoja tu wa punda, na mitungi ya ploti nzima inangoja. Nimefika kazini saiba, duka la mtandao hapa Kitengela, nimechelewa, Nashipai mgongoni. Lemayian nimemwacha kwa jirani akilia. Hassan mwenye saiba ameangalia saa, akaangalia mtoto, hakusema kitu. Mwingine angesema.

Naomba msamaha kwa kunyamaza tangu Pasaka. Simwombi mtu, najiomba mwenyewe. Niliahidi kuandika kila Jumapili hata mistari miwili, na mtoto wa pili amekula hiyo ahadi. Ana miezi mitano. Mchana analala kama mfalme, usiku anakesha kama askari wa geti. Baba Lemayian yuko na lori barabara ya Magadi. Anakuja siku mbili, anapotea wiki mbili. Nimechoka. Hiyo ndiyo habari yote tangu Pasaka.

Hapana, iko ingine. Wateja wakikosekana, Hassan ananiachia kompyuta ya kona bure. Naandika kwenye kamusi elezo ya Kiswahili ya mtandao. Ni kama kitabu kikubwa cha maarifa, lakini hakina mwenyewe. Yeyote anaandika, yeyote anarekebisha alichoandika mwenzake. Mimi niliandika kuhusu punda. Mtu nisiyemjua akaongeza habari ya kwato. Nilifurahi kuliko inavyofaa.

Jumatano, 6 Agosti

Wanataka nembo mpya, ile alama inakaa juu ya kila ukurasa. Ya kwanza ilikuwa kitabu kimefunguliwa. Tuliirithi kwa wale wa Kiingereza, hata maneno yake madogo hakuna aliyeyatafsiri. Ya pili ni kandili. Aliichora Otieno, mwanafunzi wa chuo Nairobi, ndiye anatupanga sisi wa Kenya. Alitaka mwanga wa elimu. Watu wakasema ni chupa ya chai. Mmoja akauliza kama ni ya rangi ama ya maziwa. Otieno alinuna, halafu akatangaza: kila mtu alete mchoro wake, Septemba tupige kura.

Mimi sijui kuchora. Darasa la nane nilichora mtungi, mwalimu akauliza kama ni kuku.

Jumapili, 10 Agosti

Kajiado, kwa Yeyo. Ndivyo tunamwita mama mkwe. Mimi ni wa Kiambu, nilifunzwa neno hilo nikiwa bibi arusi. "Takwenya," akanisalimia Kimaasai. "Iko," nikajibu. Lemayian akainamisha kichwa aguswe bila kuambiwa. Nilijivunia.

Ndani ya nyumba, ukutani juu ya kitanda chake, kuna ule ushanga mpana wa shingo. Wa mduara, mistari ya shanga kwenye waya, mmoja nje ya mwingine, kama sahani. Alikuwa anamtengenezea binti yake wa mwisho kwa ajili ya harusi. Mstari wa nje kabisa haukufika mwisho. Pale mwishoni waya uko mtupu, upana wa vidole vinne. Msichana aliugua wiki moja tu. Mwaka wa tatu huu. Yeyo aliweka kazi chini siku hiyo, akautundika ushanga vile ulivyokuwa.

Jina la msichana sitaliandika hata hapa. Kwao aliyekufa hatajwi. Tangu niolewe sijasikia Yeyo akilitamka.

Nilikuwa nanyonyesha, macho yangu yakawa pale ukutani. Nikaona nembo. Mduara kama dunia. Watu wengi, kila mmoja ushanga wake. Na haujaisha, kama vile kamusi yetu haijaisha.

Nilimwomba. Naandika hivyo ili nikumbuke kwamba nilimwomba.

"Watu wangapi wataona?"

"Wengi, Yeyo. Hata wa ng'ambo."

Alifukuza kuku kwanza. Akakaa.

"Chora. Lakini usimalizie. Mimi sikumalizia."

"Sitamalizia."

"Na mtu mwingine asimalizie."

"Hawatamalizia, Yeyo."

Nilijibu haraka, kama mtu anajibu bei ya nyanya.

Alhamisi, 14 Agosti

Nachora na panya wa kompyuta, mtoto mapajani. Mduara haukubali. Unakuwa yai. Hassan akanionyesha kifaa cha miduara, kumbe kiko hapo juu siku zote. Wazee wake walitoka Garissa wakiuza ng'ombe, yeye anauza dakika za mtandao. Anasema ni biashara moja, ikisimama inakufa.

Ushanga mmoja mmoja. Nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, rangi ya chungwa. Mwanya nimeuacha.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeutuma. Kabla ya kupokea walitaka nikubali masharti, maandishi marefu ya Kiingereza. Nashipai alikuwa anachafua nepi na mteja anataka fotokopi. Nikabonyeza nakubali.

Jumanne, 26 Agosti

Wanaupenda. Sikuamini. Wa Mombasa wanaupenda, wa Arusha wanaupenda, mtu fulani huko Ujerumani anayejifunza Kiswahili anaupenda na ameandika aya nzima. Wa Dodoma, anayejiita Msumari, ndiye fundi wa michoro wa kikundi. Ameandika: "Dada yangu, hongera. Wazo zuri. Mkono bado mbichi, lakini tutaunyoosha."

Sikujua kama nishukuru ama nikasirike. Nilishukuru.

Otieno anasema nyekundu yangu kwao inatokea kama chungwa. Kila kioo na rangi yake. Anataka disketi ya mchoro, picha ya ushanga wenyewe pamoja na filamu yake, na shanga chache za kweli za kulinganisha. Skana ya Hassan ilikufa mwezi wa tano, kwa hivyo nitume kwa basi.

Jumapili, 31 Agosti

Kajiado tena. Nimeazima kamera ya jirani. Yeyo aliutoa ushanga ukutani mwenyewe, akaushika mbele ya mlango kwenye mwanga. Hakutaka uso wake uwe ndani ya picha. Mikono tu.

Nikaomba shanga. Akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Akaja na kitambaa amekifunga fundo. Ni zile zilizobaki za ushanga ule ule. Hakuniambia zirudi. Nilijua.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumeshinda. Kura nyingi sana. Hassan akaita wateja wote waangalie kioo. "Huyu ndiye alichora. Huyu hapa anayewapa fotokopi." Mzee mmoja aliyekuja kuchapa barua ya shamba akanipa mkono. Nikalia kidogo pale nyuma kwenye karatasi. Sijui mara ya mwisho nilishinda kitu ilikuwa lini.

Baba Lemayian alipiga simu ya Hassan kutoka Kona Baridi, upepo unamkata maneno. Nikamwambia. Akasema, "Sasa utakuwa mtu mkubwa, utanisahau mimi wa lori." Nilicheka mpaka nikajishangaa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefungua kompyuta asubuhi. Mduara umefungwa.

Nimehesabu vibaya, nikafikiri. Nikaangalia tena. Pale palipokuwa na waya mtupu kuna shanga. Nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Zimepangwa vizuri kuliko zangu.

Ni Msumari. Ameandika chini: nimenyoosha mistari, nimesawazisha rangi, nimerekebisha kasoro ya mstari wa nje.

Kasoro.

Niliandika palepale: tafadhali rudisha mwanya, si kasoro. Nilikosea kuandika mara mbili.

Jumanne, 16 Septemba

Msumari amejibu. Ni mtu wa adabu, hiyo nitasema. "Samahani sana dada, sikujua ni makusudi. Hata hivyo, ukiangalia kwa mbali inaonekana kama picha imekatika. Tazama pia ile alama ndogo kabisa inayokaa pembeni ya anwani. Kwa udogo ule mwanya hauonekani kabisa, unaonekana kama uchafu kwenye kioo." Ameweka mifano. Kweli. Kwa ile ndogo unaonekana kama uchafu.

Mwingine akatia utani: "Kwani Wakenya hamjui kumaliza kazi?" Watu wakachekea hapo. Otieno akajibu Watanzania wamalize reli kwanza. Ikawa mabishano ya reli. Siku nzima hakuna aliyezungumza juu ya mwanya.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeandika: kamusi haijaisha, nembo nayo isiishe. Nilifikiria hayo maneno siku mbili, nikifua, nikipika, nikibembeleza. Nikaona yametosha.

Msumari: "Kazi haijaisha, lakini nembo lazima iishe. Mlango wa nyumba huuachi nusu kwa sababu nyumba bado inajengwa."

Watu saba wakaandika wanamuunga mkono. Hata yule wa Ujerumani.

Sijalala. Si Nashipai, leo ni mimi.

Jumatano, 24 Septemba

Nikauliza: je, nikiuondoa mchoro wangu? Ni wangu, nauchukua, tafuteni mwingine.

Otieno alinipigia simu ya Hassan. Sauti ya upole, kama daktari.

"Mama Lemayian, haiwezekani. Siku ile ulituma, ulikubali. Ukikubali, umetoa. Mtu yeyote anaweza kutumia, anaweza kubadilisha, milele. Ndiyo maana ya hii kazi yote. Ukiandika punda, si mtu aliongeza kwato?"

"Punda si mtu wa nyumbani kwetu."

"Sijaelewa."

"Basi."

Hassan alikuwa amesikia. Nikamwambia nusu, kwamba nilimpa mama mkwe neno na sasa neno limevunjwa na watu wasiomjua. Alikaa na kalamu mdomoni. Akasema kwao mtu akikuwekea amana, hata ikiibiwa, wewe ndiye unaenda kumwambia, si mwizi. Halafu akasema, "Lakini maji yakimwagika hayazoleki, mama. Usijiue."

Sikupenda hata moja ya hayo maneno mawili. Yote ni kweli.

Jumanne, 30 Septemba

Otieno amenisaidia, lazima niseme. Amewaomba wapige kura ya mwisho juu ya mwanya tu. Ufungwe ama ubaki wazi. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo saa sita mchana.

Wazi ziko tano. Kufungwa ziko kumi na moja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Baba Lemayian amekuja. Amelala mchana kutwa, vumbi la Magadi bado kwenye nyusi. Jioni nikamweleza. Alisikiliza akila.

"Si uwaambie tu," akasema.

"Niwaambie nini?"

"Ni wa nani. Kwa nini haukuisha. Watu watahurumia, watapiga kura."

"Yeyo atasema nini?"

"Yeyo hasomi. Nani Kajiado atasoma hiyo kitu?"

Ni dada yake. Alibeba jeneza lake. Nikamwangalia. Akasukuma sahani, akatoka nje, akakaa kwenye tairi mbovu iliyo mlangoni. Nilipomfuata hakuwa analia, alikuwa amekaa tu. Akasema, "Achana na maneno yangu." Kisha: "Hata mimi jina lake siwezi kulisema, Wambui."

Hajaniita Wambui tangu Lemayian azaliwe.

Jumanne, 7 Oktoba

Otieno naye amefika palepale kwa njia yake. Ameandika kwangu peke yangu: najua kuna sababu, mama. Iandike. Weka jina lake, tuandike chini ya nembo ni kwa kumbukumbu ya nani. Watu wataguswa. Tutashinda kwa siku moja.

Sijui amejuaje kwamba ni mtu aliyekufa. Pengine inaonekana kwa vile nang'ang'ana.

Anataka mema. Hilo ndilo linaniumiza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niliandika. Asubuhi, saiba ikiwa tupu, mvua inanyesha na tope jeusi limezuia watu majumbani. Niliandika yote. Harusi iliyokuwa inapangwa. Wiki moja ya homa. Mama aliyeweka kazi chini. Waya mtupu juu ya kitanda. Jina sikuweka, lakini mengine yote. Nilisoma, nikaona ni nzuri. Hata mimi nilijihurumia nikisoma. Nikajua tungeshinda.

Kura zilikuwa zimekaribiana. Wazi kumi na nne, kufungwa kumi na sita.

Hassan alikuwa anapanga karatasi. Hakuja karibu.

Nikafikiri hivi. Yeyo alinipa sharti moja, asimalizie mtu. Hakusema usiwaambie. Lakini hakusema kwa sababu hakuwaza kwamba mtu angeweza kuwaambia. Kama alitaka ijulikane angeniambia, chora na useme ni wa nani. Alisema chora. Mwanya wenyewe ndio ulikuwa maneno yake. Mimi nikiongeza juu yake, nami nimemalizia ushanga. Nimeujaza kwa kelele badala ya shanga.

Na tena: wakinihurumia, watakuwa wanamhurumia kwa ruhusa ya nani?

Nikafuta. Mstari kwa mstari, kutoka chini kwenda juu. Nikaandika tu: naomba mwanya ubaki, nina sababu ambayo si yangu kuisema. 

Msumari akajibu kabla ya saa sita: "Dada, nakuheshimu, lakini hatuwezi kupiga kura juu ya sababu tusiyoijua."

Ana haki. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Ufungwe, kumi na nane. Wazi, kumi na nne.

Nilichukua fotokopi za mteja, nikazibana na stepla. Nikamnyonyesha Nashipai. Nilikasirika mpaka meno yaliuma.

Jumapili, 12 Oktoba

Kajiado. Sikungoja. Hassan alinichapishia nembo kwa rangi, karatasi ile ngumu, akakataa nilipie.

Yeyo alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu. Tukasalimiana. Niliwaacha watoto na baba yao nje, nikaingia peke yangu. Nikampa karatasi. Aliishika mbali, macho yake hayaoni karibu.

Nikasema: "Yeyo, wamemalizia."

Akauliza ni nani.

"Mtu wa Dodoma."

"Dodoma ni wapi?"

"Tanzania. Mbali, ndani."

"Ananijua?"

"Hapana."

"Anamjua?"

Hakusema nani. Nikaelewa.

"Hapana. Sikuwaambia, Yeyo. Walitaka. Sikuwaambia."

"Hukuwaambia."

Akaweka kidole pale mwanya ulipokuwa. Alipata mahali penyewe mara moja, ingawa mduara mzima unafanana. Kidole kikakaa hapo. Nje Lemayian alikuwa anafukuza mbuzi na baba yake anamwambia pole pole.

"Ulisema hawatamalizia."

"Nilisema, Yeyo."

"Siku ingine sema hujui."

Nikasema ndiyo. Nilitaka ardhi inipokee. Sikulia. Mtu wa kulia hapo hakuwa mimi.

Halafu akanirudishia karatasi. "Hii imefungwa," akasema. "Basi si yake. Hii ni ya watu. Waache na kitu yao." Akaonyesha ukuta kwa kidevu, hakugeuka. "Yake iko pale."

Nikaangalia. Waya mtupu, vidole vinne.

Alimimina maziwa, akanipa. Niliyanywa yote ingawa yalikuwa na ladha ya moshi kuliko ninavyopenda. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Nilipokuwa namfunga Nashipai mgongoni ndipo akasema: "Ile picha, niko na mikono ndani. Na shanga. Hiyo si ya watu. Irudi."

Safari hii sikujibu haraka. Nikasema, "Sijui kama nitaweza, Yeyo. Nitatafuta."

Akakubali kwa kichwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Otieno anasema vitu hana. Aliskani picha, rangi zikamshinda, akamtumia Msumari kila kitu kwa basi la Namanga, watu wakapokezana mpaka Dodoma. Aliona ni jambo dogo. "Ni shanga tu, mama, si ziko dukani?"

Sikumjibu siku ya leo. Ningemjibu vibaya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemwandikia Msumari. Mara ya kwanza peke yetu, si kwenye ukumbi wa wote. Nilimwambia nembo ni yao, sitaigusa tena. Vitu alivyopelekewa ni vya mtu mzima wa nyumbani kwetu, navyo havikuwa kwenye yale masharti niliyokubali. Nilichokubali kutoa ni mchoro. Mikono ya mtu sikuitoa.

Ijumaa, 28 Novemba

Wiki sita. Hajajibu. Nashipai ametoa meno mawili kwa pamoja, na mimi nimepata homa.

Nembo imebadilika tena. Rangi tano zilikuwa nyingi kwa kuchapisha, wamebakisha tatu. Kijani kimekwenda. Chungwa imekwenda. Watu walibishana siku nne juu ya buluu. Nilisoma kama mtu anayesoma habari ya kijiji cha mbali.

Jumatatu, 22 Desemba

Wamebadilisha tena. Shanga hazionekani sasa, zimekuwa mistari laini. Mtu mpya akauliza ni nini, ni jua ama ni gurudumu? Mwingine akajibu: nafikiri ni dunia. Hakuna aliyesema ushanga. Msumari mwenyewe ndiye aliwaambia, na akaweka jina langu, kwamba wazo lilikuwa langu. Hakulazimika.

Jioni kulikuwa na barua kutoka kwake. Anaomba radhi. Alikuwa amefiwa na baba yake, alikwenda kijijini, hakufungua mtandao tangu Oktoba. Picha anayo. Vingine itabidi atafute, alihama chumba haraka. Mwisho ameandika: "Sikuulizi sababu, dada. Huku kwetu kuna kiti cha marehemu sasa, na mama hataki mtu akisogeze. Mdogo wangu alikisogeza jana kufagia. Nimeona uso wa mama."

Nimeisoma mara nyingi. Nilimwandikia pole. Niliandika pole tu, na jina langu la nyumbani.

Jumapili, 1 Februari 2004

Picha imefika. Dereva wa basi rafiki wa rafiki aliiacha kwa Hassan, ndani ya gazeti la Tanzania. Kona moja imekunjika. Mikono iko sawa.

Nimempelekea Yeyo leo leo. Aliifuta kwa leso ingawa haikuwa na vumbi. Hakuitundika. Aliiweka ndani ya sanduku lake, chini kabisa, chini ya nguo. Akafunga.

"Na zile?"

"Anatafuta, Yeyo. Sijui."

"Sawa."

Jumapili, 7 Machi 2004

Mvua ya kwanza ilinyesha jana. Kitengela yote ni tope, viatu vinabaki nyuma mtu akitembea. Watoto wamelala wote wawili kwa wakati mmoja. Baba Lemayian yuko nyumbani, anarekebisha mlango unaokwaruza sakafu. Nimeandika kidogo kwenye kamusi juzi, kuhusu mwitikio wa udongo mweusi kwa mvua. Mtu ataongeza.

Msumari ameniomba nimwandikie kwa uhakika ni nini kimebaki, asije akasahau kitu, kwa sababu kuna mtu wake anakuja Namanga mwisho wa mwezi. Kesho nitamwandikia hivi, nisiongeze neno:

Filamu ya picha. Kipande chote, hata zile picha zilizoungua.

Disketi niliyoweka mchoro wa kwanza, ule wenye mwanya. Imeandikwa Mama L. kwa kalamu ya buluu.

Shanga. Zote ulizoletewa, za kila rangi. Kama moja imepotea niambie imepotea, usinunue ingine.

Kitambaa zilichofungiwa. Kisifuliwe.